Mwalo wa plaiwudi na chembe 50 za risasi: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nimeanza kwa plaiwudi ya milimita 12 iliyotoka kwenye kabati lililovunjwa. Imetosha sanduku la urefu wa sentimita 120, upana 30, na kuta za kando zenye kimo cha sentimita 15. Wapo wanaokiita kifaa hiki sanduku la kuoshea, wapo wanaokiita mwalo. Humu kitakuwa mwalo, maana ni neno fupi nami naandika kwa penseli huku mikono imejaa gundi.

Ninachotaka ni kitu cha kubeba begani, kinase dhahabu ya mchangani na, ikiwezekana, vito. Hiyo "ikiwezekana" nimeiandika nikiwa na wasiwasi nayo tangu sasa.

Mwalo wenyewe hauna siri. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni, ni mara 2.65 tu. Maji yakipita juu ya kizingiti hujiviringisha nyuma yake, kama yanavyofanya nyuma ya jiwe kijitoni. Kilicho chepesi huinuliwa na kuendelea na safari, kilicho kizito hutua na kujificha kwenye zulia lililo chini. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kwamba watu wa milima ya Caucasus walinasa dhahabu ya mito kwa birika zilizotobolewa na ngozi zenye manyoya. Kwa hiyo zulia langu ni ngozi ya kondoo iliyopitia kiwandani.

Siku ya 2

Rangi ya mafuta, mikono miwili. Hakuna la ziada.

Siku ya 4

Vizingiti vimekamilika. Nimetumia vipande 8 vya alumini iliyokunjwa pembe, kila kimoja kina kimo cha sentimita 2, vimepangwa kwa kuachana sentimita 6. Chini yake kuna wavu wa chuma wa matundu ya mshazari, na chini ya wavu ndipo lilipo zulia. Vyote vimefungwa kwenye fremu moja inayobanwa kwa bolti nne zenye nati za mabawa, ili kuifungua isihitaji spana. Hapo mwanzo nilitaka kupigilia vizingiti misumari moja kwa moja kwenye sakafu. Ningejuta, kwa sababu mwalo usiofunguka haraka hausafishwi, na usiposafishwa huziba ukawa ubao wa kuteleza.

Mpwa wangu amepita akaniamkia, kisha akauliza, "Mjomba, hilo jeneza la nani?" Nikamwambia la jirani asiyerudisha koleo. Ameomba kusaidia. Nimemkubalia, nikijua atanigharimu maswali mengi.

Siku ya 5

Pampu ni ile ya kutolea maji kwenye mashua, ya volti 12, inaendeshwa kwa betri ya gari. Kwenye kasha imeandikwa lita 4,000 kwa saa. Sikutaka kuliamini kasha. Nimepandisha mpira hadi kichwani mwa mwalo, kimo cha mita moja hivi, nikaweka ndoo ya lita 20 mdomoni na kuanza kuhesabu sekunde. Imejaa kwa sekunde 26. Hiyo ni chini kidogo ya lita 2,800 kwa saa. Namba ya kashani hupimwa pampu ikisukuma maji bila kuyapandisha popote. Kila sentimita ya kupanda, kila kona ya bomba, hula sehemu yake.

Ukiwa na ndoo na saa, pima kabla hujakata hata ubao mmoja. Mimi nimepima baada ya kukata, na siku zilizofuata zimenionyesha gharama yake.

Siku ya 6: jaribio la kwanza

Sina dhahabu ya kujaribia, na hata ningekuwa nayo nisingeitupa kwenye ndoo ya kokoto kwa ajili ya sayansi. Nimetumia chubwi za risasi za kuvulia samaki. Nimezikatakata hadi nikapata vipande 50 vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Risasi ni mara 11.3 ya maji. Ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo mwalo unaoweza kuishika risasi utaishika dhahabu ya ukubwa na umbo hilohilo kwa urahisi zaidi. (Risasi ni sumu. Glavu, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kingine. Mpwa wangu nimempa kazi ya kuhesabu kwa kibanio.)

Yeye ndiye aliyetoa wazo zuri kuliko yote ya mradi huu. "Mjomba, ukizichanganya zote pamoja tutajua zimepotea ngapi, lakini hatutajua zimepotea lini." Basi 25 tumezigonga kwa nyundo zikawa bapa, 25 tumeziacha nene. Zilizo bapa zimeingia pamoja na makoleo ya mwanzo, nene zimeingia mwishoni.

Mwinamo nimeuweka sentimita 8 kwa kila mita, kipimo ambacho waosha dhahabu wengi huanzia. Tumemwaga ndoo mbili za changarawe isiyochekechwa.

Tumepata 23 za mwanzo, 9 za mwisho. Jumla 32 kati ya 50.

Ningekuwa na ile jumla peke yake ningesema mwalo ni dhaifu, basi. Hizi namba mbili zimesema jambo jingine. Hapo mwanzo mwalo ulifanya kazi vizuri hata kwa vipande bapa, ambavyo maji hupenda kuvibeba. Kisha kokoto kubwa zikakwama, mchanga ukajaa nyuma ya kila kizingiti ukagandamana, na vipande vya mwisho vikapita juu kama gari kwenye lami. Nimeingiza rula majini: kina ni milimita 7. Kokoto ya milimita 12 haiwezi kusukumwa na maji ya milimita 7.

Siku ya 7

Akili ya kwanza ya mtu yeyote ni kuongeza nguvu. Nimeongeza mwinamo hadi sentimita 15 kwa mita. Kweli, kokoto zimeondoka zikicheza. Risasi nayo imeondoka: 17 za mwanzo, 12 za mwisho, jumla 29. Maji yamekuwa membamba zaidi na ya kasi zaidi, na nyuma ya vizingiti hakuna tena ule mviringo wa taratibu. Yanaruka kutoka kizingiti hadi kizingiti.

Nimefunga kazi mapema. Jioni nzima nimeudhika, hasa kwa kuwa jibu lilikuwa kwenye ndoo ya juzi. Maji niliyonayo hayatoshi upana nilioukata.

Siku ya 9

Nimesimamisha ubao katikati ya mwalo kwa urefu wake wote, nikaubana kwa skrubu na kuziba mwanya kwa silikoni. Upana sasa ni sentimita 15. Mwinamo umerudi sentimita 8. Maji ni yaleyale, lakini kina kimepanda hadi milimita 11, na kwa macho tu unaona tofauti: mgongo wa maji unapanda na kushuka juu ya kila kizingiti bila kurusha matone.

Changarawe sasa inapita kwanza kwenye chekeche la matundu ya milimita 5. Kinachobaki juu ya chekeche hakitupwi ovyo, kinakaguliwa kwa macho na kuwekwa pembeni kwa ajili ya habari ya vito.

Matokeo: 24 na 23. Jumla 47.

Mpwa wangu amecheza ngoma ya ushindi, amekanyaga mpira wa maji, umechomoka, na betri imeoga. Haikuharibika. Kesho yake imewekwa ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza.

Siku ya 10

Mabadiliko mawili madogo. Kwanza, sentimita 25 za juu nimeziacha bila kizingiti, nikatandika mkeka wa mpira mweusi wenye mistari. Hapo mchanga una nafasi ya kutandazika na kujipanga, kizito kikishuka chini kabla ya kufika kwenye vizingiti. Kwa rangi nyeusi, chembe ya njano inaonekana hapohapo, na hiyo ndiyo dalili ya kwamba mahali unapochota pana kitu. Pili, nimeacha kumwaga kwa koleo. Sasa ni kopo, taratibu, tena mchanga ukiwa umeshaloweshwa. Koleo zima likiingia kwa mkupuo huzima mizunguko yote kwa sekunde kadhaa, na ndani ya sekunde hizo mlango uko wazi.

49 kati ya 50. Tena 41 kati ya hizo zilikuwa katika sentimita 30 za mwanzo za vizingiti. Sehemu ya chini ya mwalo, ambayo nimekuwa nikiibeba kwa fahari, karibu haina kazi.

Siku ya 13

Kabla sijajisifu: risasi ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti haiwakilishi dhahabu ya unga. Chembe nyembamba kama magamba huishi kwa sheria nyingine. Ikiwa kavu, au ikiwa na mafuta kidogo, huelea juu ya maji kama mdudu wa dimbwini, kwa sababu uso wa maji unaibeba kabla uzito haujapata nafasi ya kufanya kazi. Dawa yake ni matone mawili matatu ya sabuni ya maji kwenye pipa. Nimelijaribu hilo kwa unga wa risasi uliopatikana kwa tupa. Bila sabuni, utando wa kijivu ulisafiri juu ya maji hadi mwisho wa mwalo. Kwa sabuni, ulizama. Matone matatu tu, lakini. Mpwa wangu alimimina kwa ukarimu, tukaosha mchanga ndani ya povu.

Tatizo la pili ni tope. Natumia maji yanayozunguka: pipa, pampu, mwalo, pipa. Baada ya ndoo nne maji yalikuwa mazito kama uji, na maji mazito hubeba hata visivyobebeka. Nimeweka mapipa mawili. Mwalo unamwaga la kwanza, mchanga na tope vinatua humo, na maji ya juu yanamiminika kwenye la pili kupitia bomba lililotobolewa karibu na ukingo. Pampu inakaa kwenye la pili, ndani ya ndoo ndogo yenye matundu ili isimeze majani. Hayatoki safi kabisa, ila unaweza kuona kidole chako ukikizamisha, na hicho ndicho kipimo changu.

Siku ya 15

Sasa vito, na ule wasiwasi wa siku ya kwanza.

Nina vipande 20 vya ganeti, vyekundu vya kuiva, nilivyookota zamani. Ni vidogo kuliko punje ya mahindi. Vyote 20 vinapita chekeche la milimita 5. Nimevichanganya kwenye mchanga na kuvipitisha mwaloni. Vimebaki 8. Vingine 12 nimeviokota kwenye pipa la mabaki, kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

Sababu inaonekana ukikokotoa uzito wa kitu kikiwa majini. Maji hukinyanyua kila kitu kwa kiasi cha ujazo wake, kwa hiyo toa 1 kwenye kila namba. Dhahabu inabaki 18.3, kwatzi 1.65: dhahabu imeizidi mara 11. Ganeti nyekundu ni kama 4.1, ikibaki 3.1, haijafika hata mara mbili ya kwatzi. Yakuti, nyekundu au ya bluu, ni 4.0, nayo iko hapohapo. Topazi 3.5. Turmalini ni 3.1 hivi, afadhali kidogo kuliko kokoto za kawaida. Zumaridi, kwa mara 2.7, majini haitofautiani na kwatzi. Mwalo hauioni kabisa. Kwa tofauti ndogo hivyo, ukubwa na umbo la jiwe ndivyo vinavyoamua: ganeti ndogo ya mviringo huviringika na kuondoka, kokoto kubwa bapa ya kwatzi hubaki imelala.

Kwa hiyo mwalo huu si wa vito. Ningeweza kupunguza mwinamo na kuinua vizingiti hadi ninase ganeti 15, lakini hapo nitakuwa nimenasa na nusu ya mchanga wote. Nimeacha.

Siku ya 16 hadi 18

Kifaa cha vito nilichotengeneza kinachekesha kwa urahisi wake baada ya vumbi lote la plaiwudi. Nimekata ndoo ya plastiki, nikachukua pete ya juu yenye kimo cha sentimita 10, nikaifunga wavu wa waya wa matundu ya milimita 2 upande mmoja. Basi. Ni chekeche la mviringo.

Kazi iko kwenye mikono. Mawe yawe yamepangwa kwanza kwa ukubwa, yaani yaliyopita matundu ya 5 na kubaki juu ya 2, kwa sababu mbinu hii hailinganishi uzito vizuri kama ukubwa umechanganyika. Unajaza chekeche kama nusu ya kina, unalizamisha kwenye pipa, kisha unalipandisha na kulishusha majini kwa mapigo mafupi. Likishuka, maji yanapenya wavu kutoka chini na kuyainua mawe yote kidogo. Yakitua, mazito yanawahi. Baada ya mapigo kadhaa unazungusha robo, unatikisa kidogo ili mazito yakusanyike katikati, unarudia. Mwisho unalipindua chekeche juu ya ubao kwa mkupuo, kama mtu anayetoa keki kwenye chombo chake. Kilichokuwa chini kabisa sasa kiko juu, na katikati linatokea doa la rangi nyeusi na nyekundu kama jicho.

Kupindua kwangu kwa kwanza kulimwagikia miguuni. Kwa pili kulitoa jicho lililopinda kama ndizi, maana nilikuwa nabonyeza zaidi kwa mkono wa kulia. Siku ya 18 ganeti 17 kati ya 20 zilikuwa ndani ya duara la upana wa kikombe. Mpwa wangu alipata 18. Nimeiandika kwa sababu amesimama nyuma yangu akihakikisha.

Nimejaribu pia chekeche la pili la mawe ya milimita 5 hadi 12. Linachosha mabega, lakini mawe ya ukubwa huo ndiyo yenye maana kwa mtu wa vito, hivyo silitupi.

Siku ya 21: kijitoni

Kibali tumekipata kwanza, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi. Bila hivyo viwili mradi huu ungebaki kuwa ufundi wa uani.

Tumechota upande wa ndani wa kona ya kijito, pale maji yanapopunguza mwendo na kushusha mizigo yake, na kwenye nyufa za mwamba, ambamo nimetumia kijiko na brashi. Ndoo 9 kwa jumla. Mchanga wa juu wa kona haukuwa na kitu. Ule wa nyufani ulionyesha njano kwenye mkeka mweusi kabla kopo la tatu halijaisha.

Hitilafu: mwalo ulikuwa umelala upande kwa sababu miguu ilizama kwenye mchanga laini, upande mmoja maji yakawa ya kina, wa pili makavu. Nimetumia pimamaji kwa urefu mara kumi na sikuitumia kwa upana hata mara moja. Tumeweka vipande vya ubao chini ya miguu, tukaendelea. Hatujui ndoo mbili za kwanza zilipoteza nini, ingawa mabaki yake tumeyarudia kwa karai na hatukuona chembe.

Mapipa mawili yamefanya kazi hata huku. Tope halikurudi kijitoni. Tumelimwaga shimoni, mbali na ukingo, na shimo tumelifukia.

Siku ya 22

Kusafisha. Zulia limekung'utwa ndani ya ndoo, limesuguliwa, limekung'utwa tena. Makinikia, yaani mchanga mzito ulionaswa, yamekuwa vikombe viwili, karibu yote mchanga mweusi. Sehemu kubwa ya mchanga huo ni magnetaiti, kwa hiyo sumaku inaibeba. Ivishe mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga uliokauka, kisha vua mfuko ili mchanga udondoke. Nimefanya hivyo kwanza kwenye mchanga mbichi na nikaona chembe ya njano imekumbatiwa ndani ya kishungi cha sumaku. Tangu hapo kila kinachobebwa na sumaku kinarudiwa mara ya pili.

Baadaye ni karai na subira. Nimepata chembe 14, mbili zinazoweza kushikwa kwa kibanio, nyingine za kuonekana kwa kioo cha kukuza. Mojawapo nilikuwa na shaka nayo. Nimeibonyeza kwa ncha ya sindano: imebonyea, haikuvunjika. Pirite, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, ingepasuka unga, na maika, madini ya magamba yanayometa, ingechanika kama karatasi.

Mtu aliyepita alishauri zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu kisha huchomwa ili dhahabu ibaki: "dakika tano umemaliza." Hapana. Mvuke wa zebaki unaharibu neva na figo za anayeichoma na za majirani zake, na inayomwagika huingia kwenye samaki. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, upo kwa sababu hizo. Kwa chembe 14, hata bila mkataba, ningekuwa mwehu.

Upande wa vito: ganeti 31 ndogo, nyingi zimepasuka, na jiwe moja jekundu la waridi tulilolitilia matumaini. Tumelimulika kwa tochi ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365 gizani, kwa kuwa yakuti nyekundu mara nyingi hung'aa kwa miale hiyo, hasa isiyo na chuma kingi. Halikung'aa. Hilo peke yake si ushahidi, ila lilipokwaruza glasi na kushindwa kuikwaruza topazi, ugumu wake kwa kipimo cha Mohs (1 hadi 10) ukawa hauzidi 8, na yakuti ni 9. Ganeti ya 32.

Siku ya 24

Nimeukata mwalo. Sentimita 50 za chini zimeondolewa kwa msumeno, na ule ubao wa katikati nimeugeuza kuwa ukuta wa kudumu, nusu ya pili ikakatwa kabisa. Kilichobaki kina urefu wa sentimita 70 na upana 15, vizingiti 5, uzito ambao mpwa wangu anaubeba kwa mkono mmoja. Jaribio la mwisho kwa risasi: 48. Nimepoteza chembe moja na kupata mgongo wangu.

Plaiwudi iliyokatwa imetosha kutengeneza ubao wa kupindulia chekeche, wenye kingo pande tatu. Nimeupaka rangi nyeupe ili jicho lionekane. Mpwa wangu ameandika pembeni, kwa penseli, "18".